Kununua vifaa kwa kundi: kampuni ndogo za intaneti Dar zinapata nini na zinapoteza nini

Ukiwa na wateja mia tatu Chanika au Chamazi na unataka kuagiza vifaa mwenyewe kutoka China, kitu cha kwanza unachokutana nacho sio bei, ni kupuuzwa. Unamwandikia muuzaji wa Shenzhen kwamba unataka ONU mia mbili, kale kaboksi keupe ka faiba kanakofungwa ukutani kwa mteja, anakujibu oda ya chini ni elfu moja, ukimwambia hiyo huiwezi basi kuanzia hapo meseji zako zinajibiwa akijisikia. Ndo hapo wazo linapozaliwa, kwamba mbona tuko wengi, yupo jamaa wa Goba, yupo wa Kigamboni, yupo wa Gongo la Mboto, kila mtu ana eneo lake na wote tunahangaika na vifaa vile vile, si tukusanye oda tuagize mara moja?

Wazo ni zuri na mimi naliunga mkono, ila nimeona linavyogombanisha watu waliokuwa marafiki kabisa, kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kununua pamoja kunalipa kwa vitu vinavyoisha na vinavyofanana, yaani waya, konekta, splita za kugawa mwanga wa faiba, ONU, spea. Kwa vitu ambavyo ndo moyo wa mtandao wako, kila mtu apambane kivyake. Na faida kubwa mara nyingi haiko kwenye ile bei ambayo wote tunaikimbilia.

Tuanze na hiyo bei basi, maana bila hesabu maneno yanakuwa mengi. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Tuseme ONU moja dukani mjini unauziwa 65,000. Kiwandani kwa oda ya elfu moja wanakupa kwa dola 12, dola tuseme 2,500, hiyo ni 30,000. Weka usafiri, weka VAT ya asilimia 18, weka gharama za kutoa mzigo bandarini, ikufikie mkononi kwa 42,000. Umeokoa 23,000 kila moja, kwa ONU mia mbili ni milioni 4.6. Hapa kila mtu anafurahi na kundi linaanzishwa siku hiyo hiyo.

Sasa toa ambavyo havikuandikwa. Hela yako 8,400,000 imelala miezi mitatu tangu ulipe mpaka mzigo ufike, kama ni ya mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi hapo imeondoka 756,000. Kwenye mia mbili, kumi zimekuja mbovu na hamna wa kukubadilishia, 420,000. Mlilipa asilimia 30 ya kuanzia na asilimia 70 kabla meli haijaondoka, katikati dola ikapanda kutoka 2,500 mpaka 2,700, hiyo ni 336,000 nyingine, na msidhani natia chumvi, mwaka 2024 dola ilifika karibu 2,700 halafu kabla mwaka haujaisha ikashuka tena sana, kwa hiyo kuna waliolia na kuna waliocheka na hakuna aliyekuwa fundi wa kubashiri. Mpaka hapo umebakiwa na kama milioni tatu. Bado sio mbaya. Ila mzigo ukikwama miezi miwili zaidi na wateja wanasubiri kuunganishwa, utaenda dukani kununua sitini kwa bei ile ile ya zamani, na riba inaendelea kutembea, unajikuta umebakiwa na milioni moja na ushee. Faida ipo, ila ni nyembamba kuliko ilivyosemwa kwenye kikao cha kwanza, na inalindwa na kitu kimoja tu, mzigo kufika kwa wakati.

Penye unafuu wa kweli ni kwenye gharama ambazo hazijali umeagiza kingi au kidogo. Wakala wa forodha akiandaa nyaraka za katoni tano au za kontena zima la futi 20, kazi yake karibu ni ile ile. Ukaguzi wa ubora wa TBS unaofanyika kule kabla mzigo haujasafirishwa, nyaraka za meli, gari la kutoa mzigo ICD, yaani bandari kavu, kuleta stoo, vyote hivyo ukivibeba peke yako kwa katoni tano vinakumaliza, mkigawana watu sita vinakuwa vidogo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanalijua hili miaka mingi, wanachangia kontena moja Guangzhou kila mtu na marobota yake. Lakini tofauti iko hapa na ni kubwa: wa Kariakoo wanachangia nafasi kwenye kontena tu, mzigo wa kila mtu ni wake na ana risiti yake, nyie mnachangia oda yenyewe, bei moja, invoisi moja, muuzaji mmoja. Ugomvi wa wa Kariakoo ni katoni la nani limelowa. Ugomvi wenu utakuwa wa kila kitu.

Halafu kuna faida ya kusikilizwa. Kati ya 2020 na 2022 chipu zilipoadimika duniani, vifaa vya mtandao vilikuwa vinasubiriwa miezi na miezi, vingine mpaka mwaka, na viwanda vilihudumia kwanza wenye oda kubwa. Mdogo aliyekuwa anaagiza vipande ishirini alisukumwa mwisho wa foleni. Kundi lenye oda ya maelfu, linalolipa kwa wakati na linalorudi kila baada ya miezi sita, linapewa mtu maalumu wa kuongea nalo, linatengenezewa fimweya, ile programu ya ndani ya kifaa, yenye mipangilio yake, na katoni likija bovu linasikilizwa. Hiyo kwangu ina thamani kuliko punguzo la dola mbili.

Lakini faida ninayoiona kubwa kuliko zote ni mkishakuwa na vifaa vinavyofanana. Mkiwa sita na wote mnatumia ONU aina moja, konekta aina moja, splita zile zile, basi stoo moja ndogo ya spea, tuseme Sinza au Tabata katikati ya mji, inawatosha wote. Radi imepiga Kinyerezi imeunguza vifaa kumi na tano usiku, jamaa anachukua stoo asubuhi, anarudishia oda inayofuata. Peke yake angelazimika kuweka mtaji wa spea zinazolala mwaka mzima kwa ajili ya usiku mmoja. Vile vile mashine ya kuunga faiba na ile OTDR ya kupima waya umekatika wapi, mashine ghali ambazo kampuni ndogo inazitumia siku chache kwa mwezi, zinaweza kuwa za kundi. Fundi akiugua, fundi wa mwenzako anakuja na kila anachokikuta anakijua.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndo makundi yanapofia. Wote tumekulia kwenye mchezo, ule wa kuchangishana hela na kupokezana, mama zetu na dada zetu wanacheza, na tunajua mchezo unasimama kwa sababu ya kijumbe, yule anayekusanya na kushika hela. Kijumbe akiwa mwaminifu mchezo unaenda miaka, akiyumba siku moja umekufa na undugu umekufa. Kununua pamoja ni hivyo hivyo ila kijumbe wenu ameshika dola elfu kumi na mbili, mzigo uko baharini, na jina lililoandikwa kwenye nyaraka za meli kama mpokeaji ni la kampuni yake peke yake. Kwa macho ya forodha mzigo ule ni wake. Akidaiwa kodi za nyuma mzigo unaweza kushikiliwa, akifariki familia yake itaukuta kwenye vitabu vya kampuni yake, na nyie watano mna meseji za WhatsApp tu za kuonyesha mlituma hela. Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, andikianeni mkataba mfupi unaosema nani ametoa kiasi gani, mgao wake ni vipande vingapi, mzigo ukipotea au ukiharibika hasara inagawanywaje, na nani anakata bima. Mwanasheria atawaandikia kwa gharama ndogo ukilinganisha na hela iliyoko majini.

Kodi nayo inasahaulika sana. Vifaa vikiingia kwa jina la kampuni moja, ni kampuni hiyo tu inayoweza kudai VAT iliyolipwa bandarini. Ikiwapa wenzake mgao wao, kwa macho ya TRA hayo ni mauzo, inatakiwa itoe risiti ya EFD, ile ya mashine, kwa kila mmoja na yale mauzo yanaingia kwenye mapato yake ya mwaka. Mtu ambaye biashara yake ilikuwa chini ya milioni 200 kwa mwaka, ambacho ndo kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT, anaweza kujikuta amevuka kwa sababu tu alijitolea kuagizia wenzake. Na ambao hawajasajiliwa VAT ile asilimia 18 inabaki kwao, haidaiwi popote, kwa hiyo bei ile ile kwa mmoja ni rahisi na kwa mwingine sio rahisi kivile. Mhasibu akae nanyi mwanzoni.

Upande wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vya modeli iliyoidhinishwa, na kuingiza na kusambaza vifaa hivyo kuna leseni zake, mbali na leseni ya kutoa huduma ya intaneti. Mkinunua kama kundi hakikisheni mwenye jina kwenye nyaraka anazo, na hakikisheni modeli mnayoiagiza ndo yenye kibali, sio ndugu yake anayefanana naye kwa sura na kutofautiana herufi moja mwishoni. Na namba ya HS, ile inayotambulisha aina ya bidhaa forodhani, mliyoandikiwa kwenye invoisi ikaguliwe na wakala wenu kabla, kwa sababu ikibishaniwa mzigo unakaa ICD na storeji inahesabiwa kila siku.

Niende kwenye kitu ambacho mtu wa ofisini anaweza kukiona kidogo ila mafundi watanielewa. Kuna kundi nalifahamu liliagiza ONU nzuri tu, bei nzuri, zikafika salama. Kufungua katoni, tundu la faiba lina rangi ya bluu. Watatu kati yao mitandao yao yote ilijengwa kwa konekta za kijani. Kwa asiyejua, kijani ncha yake imekatwa kwa mshazari na bluu imekatwa bapa, ukizilazimisha zinaingia vizuri tu lakini mwanga haupiti sawasawa, unapotea njiani na mwingine unarudi nyuma, mteja anapata intaneti ya kusuasua na fundi anatafuta kosa wiki nzima sehemu ambayo haipo. Ikabidi watengeneze vipande vya waya wenye bluu upande mmoja na kijani upande wa pili, kimoja kwa kila ONU. Na adapta za umeme zilikuja na pini mbili za duara wakati soketi zetu ni za pini tatu za bapa. Wateja wakawa wanachomeka kwa kulazimisha, kitu cha hatari kabisa nyumbani kwenye watoto. Yote haya ni mistari miwili kwenye proforma, ile invoisi ya awali, ambayo kila mtu alidhani mwenzake ameisoma.

Kuna na kuelewana kwa vifaa. OLT, ile mashine kubwa inayokaa kwako na kulisha ONU zote, inaongea vizuri na ONU za kwake, za kampuni nyingine inaweza kuziona lakini ikashindwa kuzipangia mambo kama WiFi au simu ukiwa mbali, mpaka fundi apande bodaboda aende nyumbani kwa mteja. Kama wenzako wana OLT ya Huawei na wewe una ya ZTE, ile oda ya pamoja inaweza kuwa rahisi kwao na mateso kwako. Dawa ni sampuli. Agizeni vipande viwili vitatu kwa ndege, kila mwanakundi afunge kwake kwa wiki mbili, na asiyesaini kwamba imefanya kazi kwake asiingizwe kwenye oda. Inachelewesha, ndio, ila bora kuchelewa mwezi kuliko kukaa na katoni mbili zisizofungika.

Kwenye waya za rauta na antena angalieni zaidi, kwa sababu hapo ndo kundi linapopigwa kwa wingi. Kuna waya unauzwa kama shaba lakini ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukishika boksi la mita 305 ni jepesi kuliko linavyotakiwa kuwa, na ukikwangua uzi wake kwa kisu unaona weupe ndani. Ukipitisha umeme wa antena humo kwenda juu ya mnara, unashuka njiani na antena inajizima ovyo, hasa jioni watu wote wakiwa hewani. Mmoja akinunua boksi moja feki imekula kwake na yameisha, mkinunua maboksi mia mbili mmeharibu mitandao sita kwa mpigo. Lipieni mtu wa kukagua kiwandani kabla ya kulipa ile asilimia 70.

Hiyo hatari ya wote kuanguka pamoja ipo pia kwenye usalama. Mwaka 2018 tundu la usalama la Winbox, programu ya kusimamia rauta, kwenye rauta za MikroTik lilitumika kuteka malaki ya rauta duniani, nyingi zikawa zinachimbishwa sarafu za mtandaoni bila mwenyewe kujua, na wakati huo programu ya kuziba tundu ilikuwa imeshatoka tangu Aprili, watu tu hawakuiweka. Mkiwa wote na kifaa kimoja, tundu moja linawafikia wote. Lakini pia mtu mmoja makini kwenye kundi anaweza kuwaamsha wote usiku ule ule, kwa hiyo mimi hili silioni kama sababu ya kuacha, ni sababu ya kukubaliana nani anafuatilia masasisho na kumlipa kwa kazi hiyo. Na ndo maana nasema rauta kuu na OLT kila mtu achague mwenyewe.

Jambo ambalo watu wanaona aibu kulisema kikaoni ni siri za biashara. Nikisema nataka ONU mia tano mwezi ujao, jamaa anayepakana na mimi Mbagala ameshajua napanuka, na akiwa mjanja atatangulia mtaa ninaoulenga. Wengine ndo maana wanaagiza kidogo kwa kundi na kingine wanakitafuta pembeni, na oda ya kundi inapungua nguvu. Namba za kila mmoja zipokewe na mtu asiye mshindani, mhasibu au wakala, wengine waone jumla tu. Na tafadhali, kikao cha kununua vifaa kisigeuke kikao cha kupanga bei ya kifurushi kwa mteja. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupatana bei, na Tume ya Ushindani haitajali kwamba mlikutana kwa ajili ya waya. Kununua pamoja ni jambo moja, kumbana mwananchi wa Tandika kwa kupatana ni jambo jingine kabisa, na sisi tuliojenga hizi kampuni kwa sababu intaneti ilikuwa ghali mtaani tusiwe wa kwanza kufanya hivyo.

Msimsahau na mwenye duka mjini. Huyu anakupa mali kauli, unachukua rauta leo unalipa mwisho wa mwezi wateja wakishalipa, ikiwa mbovu unamrudishia kesho yake. Kiwanda cha China hakikupi mali kauli. Mkimhama wote kwa wakati mmoja, siku mtakayohitaji vifaa viwili saa kumi na mbili jioni hamtapata huruma yake.

Kwa sababu hiyo mimi nashauri kundi linaloanza lisianze na kontena. Lianze na huyo huyo msambazaji wa hapa hapa. Nendeni kama kundi, mmwambie sisi sita kwa mwaka tunachukua kiasi hiki, tupe bei moja, halafu kila mmoja anaagiza kwa wakati wake, analipa mwenyewe, anapata risiti yake na waranti yake. Punguzo litakuwa dogo kuliko la kiwandani, lakini hakuna hela ya pamoja, hakuna kijumbe, VAT ya kila mtu iko kwake, na kupanda kwa dola ni maumivu ya kichwa ya msambazaji, hasa kwa kuwa kanuni za 2025 za fedha za kigeni zinataka bei za ndani ya nchi ziwe za shilingi. Mkifanya hivyo mwaka mmoja mtajuana nani analipa kwa wakati na nani ni maneno tu, na hao wanaolipa ndo wa kuagiza nao kutoka nje.

Na kwamba washindani hawawezi kushirikiana, hilo sio kweli, tunao mfano hapa hapa mjini. TIX, kile kituo ambacho watoa huduma wa Tanzania wanabadilishana data bila kuipeleka kwanza nje ya nchi, kinaendeshwa na TISPA, chama cha watoa huduma wenyewe, watu wanaogombania wateja wale wale. Marekani waendeshaji wadogo wa kebo walianzisha ushirika wao wa manunuzi, NCTC, mwaka 1984, wakianzia na kununua vipindi vya televisheni, vifaa navyo vikaja, na mpaka leo wanachama wanapata bei ambazo peke yao wasingepewa. Hapa kwetu chombo cha namna hiyo kinaweza kusajiliwa kama kampuni ambayo wanakundi wote wana hisa, au, mkitimiza masharti yake, kama ushirika chini ya sheria ya vyama vya ushirika ya 2013, na hapo ndo mzigo unaingia kwa jina la chombo, leseni ni ya chombo, na akaunti ya benki ina watia saini watatu wa kampuni tofauti.

Kipengele cha mwisho cha kuweka kwenye mkataba, na hiki wengi wanakiruka kwa sababu siku ya kuanza hakuna anayetaka kukitaja, ni kutoka. Hizi kampuni zinauzwa. Mmoja wenu siku moja atanunuliwa na mkubwa, au atafunga kwa sababu mtaani kwake faiba ya mkubwa imefika na ameshindwa kushindana. Andikeni sasa kwamba anayetoka anatoa notisi ya miezi mingapi, mgao wake ulioko njiani unanunuliwa na kundi kwa bei gani, spea alizochukua stoo anazirudisha au anazilipa, mashine ya kuunga faiba hisa yake inahesabiwaje baada ya miaka miwili ya kutumika, na mnunuzi wake haingii kwenye kundi wala haoni bei zenu mpaka waliobaki wote wakubali.